Nani Kafungua Bomba?

Sadayuki alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati kutoka Osaka, miaka sitini na sita, magoti yana baridi yabisi. Chumba alichopanga Tokyo ili awe karibu na binti yake kilikuwa na choo, jiko la sahani moja na dirisha linalotazama ukuta. Bafu hakikuwa nalo. Kwa hiyo kila siku saa tisa na nusu alasiri, Mama Toyo, mwenye nyumba ya kuogea ya mtaa, akishatundika pazia la kuonyesha amefungua, Sadayuki alikuwa pale mlangoni, taulo begani. Nyumba nyingine ya kuogea ilikuwa vituo viwili vya treni kutoka hapo. Kwa magoti yale, Mlima Fuji pekee alioumudu ni ule uliochorwa ukutani juu ya hodhi hapa.

Shida ilikuwa moja, na iliitwa Iwakichi.

Iwakichi alikuwa fundi wa vigae wa zamani, miaka sabini na tisa, mkavu kama samaki wa kuanikwa. Hakuna aliyempa cheo, lakini kona ya hodhi la maji moto wanamoingia wote, ile iliyo na bomba la maji baridi, aliikalia kila siku kama simba wa mawe mlangoni pa hekalu.

Siku ya kwanza Sadayuki alikaa kwenye kigoda, akajisugua, akasuuza povu hadi la mwisho kama adabu inavyotaka, kisha akachovya kidole cha mguu ndani ya hodhi. Akakitoa mbio. Kipimajoto kilisema nyuzi arobaini na sita. Akanyoosha mkono kwenye bomba.

"We! Mkono huo urudishe ulikoutoa!"

"Kidogo tu, mzee. Mabeseni mawili."

"Kidogo! Hili hodhi au supu, uongeze maji kwa sababu wageni wamezidi?"

"Maji haya yanaivisha mchele."

"Basi kesho njoo na mchele. Kwani nyinyi huko Osaka mnaogea uji wa vuguvugu?"

Wanaume wote wakacheka, na aliyecheka zaidi ni Kumaji muuza tofu, ile jibini laini ya soya, mtu asiyekosa ugomvi wowote mradi si wake. Sadayuki akaoga kwa kujimwagia kwa beseni, akarudi chumbani na magoti yake yaleyale.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Sadayuki siku ya tatu alipewa jina: Bwana Tofu, kwa ulaini wa ngozi yake. Siku ya tano alimvizia Iwakichi akiwa na povu machoni, akafungua bomba polepole kama mwizi wa kuku. Mzee hakuona, lakini masikio yalikuwa mazima. Beseni la mbao likaruka, likapita juu ya kichwa cha mwalimu, likamgonga Fuji kileleni.

Mama Toyo akachungulia kutoka kwenye kiti chake kirefu cha mlangoni. Ameona wanaume wa mtaa huu wakiwa uchi kwa miaka arobaini na hajawahi kuvutiwa.

"Nisikilizeni, babu nyie. Malizaneni leo. Kesho nikisikia kelele tena, mmoja wenu hakanyagi hapa. Na mimi sijali ni yupi."

"Wenyewe tutalimaliza," alisema Iwakichi. "Mwalimu, ingia. Atakayetoka kwanza hagusi bomba hili mpaka afe. Kumaji ni shahidi."

"Nikishinda mimi, litakuwa wazi kila siku," alisema Sadayuki.

"Ukishinda wewe, mimi nitahamia Osaka."

Wakaingia. Sadayuki alizama taratibu, inchi moja tusi moja la kimoyomoyo. Maji yalipofika shingoni hakuthubutu kutikisika, maana kila wimbi lilikuwa moto mpya. Iwakichi aliweka kitaulo chake kichwani, akafumba macho kama yuko kitandani.

"Umeiva, mwalimu. Umekuwa pweza."

"Na wewe umekuwa mchuzi wake."

"Huko shuleni uliwafundisha nini watoto? Kulia?"

"Niliwafundisha kuhesabu. Miaka yako nayo naihesabu, mzee. Imebaki michache."

"Yangu itaizika yako. Watu wa Osaka mna ngozi ya... ngozi ya..."

Tusi halikumalizika. Sadayuki akasubiri, kwa sababu mzee yule alikuwa na hila. Kidevu cha Iwakichi kikagusa maji. Kisha mdomo. Kitaulo kikateleza kikaelea.

Lilimjia Sadayuki wazo moja, wala halikuwa zuri, na alilipa nafasi kwa muda wa pumzi moja: bomba ni langu. Kisha akainuka, akaruka ukingo huku magoti yakilia, akamshika mzee makwapani na kumvuta hadi sakafuni. Akafungua bomba la baridi kwa nguvu zote, akajaza beseni, akammwagia usoni.

Iwakichi akafumbua jicho moja.

"Nani kafungua bomba?"

"Mimi! Umezimia, mzee!"

"Nimezimia. Sijatoka."

"Nimekutoa mimi!"

"Ehee. Mimi nimetolewa. Wewe umetoka." Alikuwa chali juu ya vigae, mweupe kama karatasi, kidole kimeelekezwa kwa muuza tofu. "Kumaji, nani katoka kwanza?"

Kumaji akajikuna. "Kusema kweli... mwalimu ndiye aliyeinuka."

Sadayuki akatazama nyuso zote. Hakuna aliyemtetea. Hata asante hakupewa.

Siku nne baadaye Iwakichi akarudi na karatasi ya daktari: mwezi mzima, marufuku maji ya zaidi ya nyuzi arobaini. Kipimajoto kilisema arobaini na sita. Ilitosha aseme neno moja tu, bomba lingefunguliwa na watu kumi. Hakulisema. Alivuta kigoda akakaa mbele ya bomba, mgongo umeliziba, akijimwagia maji ya uvuguvugu ya beseni. Yaleyale aliyoyaita uji.

Sadayuki akaingia ndani ya hodhi. Mguu, kiuno, shingo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nikufungulie, mzee? Kwa ajili ya afya yako?"

"Thubutu uone."

"Sema tu tafadhali."

"Heri nife mchafu."

"Haya. Ila maji ya leo matamu sana," alisema Sadayuki, meno yamebana.

Iwakichi akajimwagia beseni jingine. Mabega yake makavu yakatetemeka kwa baridi, akayakunja haraka asionekane. Sadayuki aliona. Na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Tokyo, maji yale yakamfaa barabara.