Jina la Babamkwe

Maji yalishatekwa, uji ulishanywewa, na Vénérande aliketi mkekani akisukwa nywele na mamamkwe wake. Leo alikuwa anakwenda Lilongwe kuhojiwa na maafisa wa viza wa Kanada. Mumewe, Nduwayo, alitangulia Kanada, na sasa alikuwa amemwombea mkewe ukazi wa kudumu. Wakimkubali, atapanda ndege, na baadaye watamvuta mama. Wakimkataa, ni hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye foleni ya mahindi, hadi Mungu atakapokumbuka.

"Wakikuuliza kovu lake?" mama alimtahini kwa Kirundi.

"Goti la kushoto. Alianguka shambani kwenye kahawa."

"Na ng'ombe wa mahari?"

"Wawili. Mmoja alikuwa na mimba."

Mama alicheka. Waliona wamemaliza yote.

Njiani, nyuma ya pikapu, usingizi ulimchukua. Alimwona Nduwayo amesimama mlangoni pa nyumba ngeni, theluji ikimwangukia mabegani taratibu, naye hajali. Alishushwa Old Town, akapita soko la Tsoka katikati ya nyanya na kelele bila kusikia neno. Akilini bado alikuwa pale mlangoni.

Ofisini alisubiri hadi jua la utosi. Mlinzi aliwafukuza kivulini mara kwa mara. Wenye ofisi hawana haraka. Njaa si yao.

Afisa alikuwa kijana wa Kizungu, mpole. Mkalimani alikuwa Aruna, mchuuzi kutoka Kindu, Kongo, aliyeishi kambini.

"Anauliza, baba ya bwana yako anaitwaka nani?"

Vénérande aliviringa ncha ya kitenge chake. Kwao Burundi mke hatamki jina la babamkwe wala la mamamkwe, hata wakiwa wamekufa. Tangu aolewe hakuwahi kulitia la mzee mdomoni.

"Mi namuitaka Mzee."

"We, sema jina! Atafikiri bwana si wako."

Afisa aliandika kitu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakuwahi kuomba viza. Vénérande aliuona ule mlango wa theluji ukirudishwa polepole, Nduwayo akiwa ndani. Alifumba macho, akamwomba radhi marehemu, mzee aliyeuawa akaachwa bila kaburi.

"Bucumi," alisema.

Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. Aibu ilimpanda hadi masikioni, machozi yakamwagika.

Afisa alisema maneno machache. Aruna aliinamisha kichwa.

"Anasema umekawia sana. Anauliza ni nani alikuambia iyo jina pale inje." Akasogea karibu. "Sasa anataka jina ya mama ya bwana yako. Useme mbio, dada. Pengine atakuonea huruma."

Vénérande alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama.

"Ule iko muzima," alisema. "Umwambie aende Dzaleka, amuulize mwenyewe."