Malkia Aliyeumwa Jino

Loveday Nankervis alikuwa na miaka sabini na moja siku Mabel Curnow alipomburuta kwenda kwenye maonyesho ya Juni mjini Penzance. Wawili hao hawakuolewa, na walikuwa wakiishi pamoja mwaka wa thelathini sasa, katika vyumba viwili juu ya duka la nyuzi. Mabel alikuwa na lake jambo. Kaka yake aliyehamia Kanada hakuwa ameandika barua tangu Pasaka, na watu walimsifia mjane mmoja wa Plymouth, Ivy Rundle, aliyepiga ramli kwa karata. Loveday alisema miguu inamuuma. Mabel akamjibu kwamba hata Jumapili humuuma, na bado kanisani huenda.

Ndani ya hema Ivy alizichanganya karata, akamwambia Mabel azikate, kisha akazipanga juu ya kitambaa cha kijani. Loveday akainama mezani kuzitazama kwa karibu.

Alizijua zote. Alizichora yeye mwaka 1909, karata sabini na nane kwa miezi sita, katika chumba chake cha London. Bwana mmoja msomi wa mambo ya siri ya uganga ndiye aliyemwagiza. Bwana huyo akaandika kijitabu cha maelezo, na tangu hapo karata zikaitwa kwa jina lake. Loveday akarudi kwenye mabango yake ya michezo ya kuigiza, vita vikaja, kazi ikakauka, naye akahamia huku Cornwall ambako hakuna aliyemuuliza alikuwa nani.

Rangi wachapaji walikuwa wameziharibu, manjano imekuwa kali kama haradali. Lakini nyuso zilikuwa zile zile. Yule mtu aliyening'inia kichwa chini ni Alfie, seremala wa jukwaani, aliyejitundika mguu kwenye ngazi huku anaimba, ili Loveday aone nywele zinavyoanguka. Yule kijana anayetembea ukingoni mwa jabali ni Esther, mwigizaji, kavaa suruali ya kaka yake. Walikuja siku za Jumapili kwa sababu kulikuwa na supu. Walikaa walivyoambiwa wakae, wakacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Alfie alifia Ufaransa vitani. Esther aliolewa huko India, na barua zake zikakoma. Na sasa hawa hapa, vijana vile vile, kwenye meza ya mgeni.

Ivy alikuwa ameshika karata nyingine. "Huyu malkia, mama, ndiye anayekuzuilia barua. Ni wifi yako. Mwangalie uso. Mwanamke ana roho ngumu."

"Hana roho ngumu," alisema Loveday. "Jino lilikuwa linamuuma."

Wote wawili wakamgeukia.

"Lilian huyo. Alikuwa akitushonea mavazi ya jukwaani. Nilimwambia aende nyumbani, akasema nimalize kwanza ndipo akaling'oe."

Ivy akaiweka karata chini polepole. "Bibi, mimi nakula kwa hizi. Kila mwaka hakosi mtu wa kuja kunidhihaki. Mwenye kuzichora jina lake liko kwenye boksi, na ni mwanamume."

"Huyo hawezi kuchora hata yai."

Loveday akaomba penseli. Hakuwa amechora kwa miaka saba, tangu vidole vilipoanza kukakamaa. Ivy akampa, labda kwa kutaka kumwaibisha, pamoja na mfuko wa peremende uliochanwa ukawa karatasi. Mstari wa kwanza na wa pili ilikwenda kombo, kisha mkono ukakumbuka. Akamchora Ivy mwenyewe amekaa na shali lake, kidevu juu, kama mtu mwenye nchi yake.

Ivy akauweka mchoro kando ya malkia. Mikunjo ya nguo ilikuwa ile ile, na kope zile zile nzito. Alitazama huku, akatazama kule.

"Miaka kumi na tisa," akasema mwishowe, "nimekuwa nikimsingizia mwanamke wa watu."

Akafunga pazia la hema, akainjika chai, akaanza kuuliza habari za watu wa kwenye karata, mmoja mmoja. Wengine Loveday alikuwa amewasahau majina, na hilo lilimuuma kuliko vidole. Walipoaga, Ivy alichukua boksi, akaomba atajiwe herufi moja moja, akaliandika jina la Loveday chini ya lile la yule bwana. Ya barua ya Kanada hakuna aliyeyakumbuka tena.

Njiani, walipofika kanisani, Mabel akasimama.

"Wote hao ukawapa ufalme," akasema. "Mimi nimekaa na wewe miaka thelathini, sijachorwa hata kichwa."

"Vidole, Mabel."

"Na leo vilikuwa vya nani?"

Jumatatu Mabel alikalishwa jikoni na bakuli la njegere mapajani. Ilichukua asubuhi tatu, kwa sababu vidole vilivimba na ilibidi vilowekwe maji ya moto. Loveday hakumchorea taji. Alimchora na aproni yake na miwani yake iliyofungwa uzi, nje ya dirisha mvua inanyesha.

Mabel aliushika mchoro mbali na macho, akasema pua si yake. Kisha akaenda kutafuta msumari.