Mapipa Yasiyo na Jina

Kasonia alimpiga Florentine kofi la kwanza kabla hajafunga mlango wa ofisi. La pili lilimkuta ameshika shavu.

"Unipatie mot de passe," akasema.

Kasonia alikuwa chef wa production, msimamizi wa uzalishaji, katika kiwanda cha sabuni mjini Butembo. Florentine alisimamia usalama wa kemikali zote mle ndani. Mwaka uliopita mfanyakazi mmoja alipofushwa na soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, na hapo patron, mwenye kiwanda, akanunua programu ya kompyuta. Kila pipa linaloingia huandikwa humo pamoja na fiche ya usalama, karatasi ya muuzaji inayoeleza kilichomo. Bila fiche, pipa hubaki jekundu kwenye skrini, na mlango wa depo, ghala la kemikali, unaofungwa kwa umeme, haufunguki mpaka Florentine aingize neno lake la siri, ile mot de passe.

Asubuhi ile lori lilileta mapipa kutoka Beni. Dereva alisema ni soda, lakini hayakuwa na fiche wala etiketi, na rangi iliyopakwa juu yake ilikuwa bado mbichi.

"Chef, hatujue mule ndani iko nini. Ngoja nipime kwanza."

"Marmite inachemka. Batu ba Kirumba banangojea sabuni leo."

"Kama ni asidi, itaruka. Itaunguza batu."

Kasonia akamshika nywele, akamgonga uso kwenye meza. Jino likavunjika. Kisha akakamata kidole chake kidogo, akakikunja nyuma mpaka kikalia. Florentine akalitaja lile neno.

Kasonia akaliingiza kwenye kompyuta, akatoka kuagiza pipa lipelekwe. Florentine alipoweza kusimama alitema damu, akamkimbilia huku akipiga kelele, lakini mashine zilimeza sauti yake. Jéthro, mkorogaji, alikuwa ameshainamisha pipa juu ya marmite, sufuria kubwa la kuchemshia sabuni. Marmite ikanguruma, povu la moto likapanda na kumpiga usoni na kifuani. Kasonia, aliyesimama nyuma yake, akapata lake mkononi.

Florentine alimvuta Jéthro hadi kwenye bomba, akamrarulia shati, akamwelekezea maji machoni.

"Fungua macho. Hata ikiuma, fungua."

Nyuma yake mtu aliuliza nani alifungua depo. Wafanyakazi wakamwona Kasonia akijivuta kuelekea geti. Wakamkamata miguu, wakamrudisha, wakaanza kumpiga kwa miko ya kukorogea sabuni. Sikio lake likapasuka, mbavu zikalia kama kuni kavu.

"Florentine," akaita. "Ubaambie baache."

Florentine hakugeuka. Alitamani waendelee, na kwa muda aliwaacha. Kisha Kasonia akaacha kuita, na ukimya ule ukamtisha. Akamkabidhi mwenzake bomba, akaenda kusimama juu ya Kasonia. Mwiko mmoja ukamshukia Florentine begani.

"Mukimuua, macho ya Jéthro itarudia?"

Mmoja baada ya mwingine, waliishusha miko. Wakamburuta Kasonia mpaka kwenye maji.

Mwishowe Jéthro alibaki na jicho moja. Polisi walimchukua Kasonia akiwa bado na bandeji.

Jioni ya siku ile, hospitalini, Kavuo, mke wa Jéthro, alimkuta Florentine kwenye benchi la korido.

"Bananiambia ni weye ulisema ile mot de passe."

"Ni miye, mama. Alinipiga, akanivunja kidole. Nikasema."

Kavuo alikitazama kile kidole. Halafu akaketi kando yake, bila kumwangalia, wakangoja daktari atoke.