Mboji ya Nyasi za Chuo

Maharage ya mama yake yalikuwa yamejikunja majani kama ngumi za mtoto mchanga. Si tuta moja, ni matuta yote kumi na mawili. Binti alichuchumaa, akageuza jani, akatafuta wadudu. Hata sisimizi hakumwona.

"Haya, Profesa," mama alisema nyuma yake, mkono kiunoni. "Mgonjwa ndiye huyo. Toa dawa."

Jina la Profesa alilitoa mama mwenyewe, kwa mzaha, siku binti aliporudi na habari kwamba kule chuoni, mbali na takwimu aliyokwenda kusomea, amejiandikisha kilimo endelevu kuwa somo la pembeni. "Nimepeleka mtoto akahesabu, karudi anataka kulima! Kulima si ungebaki hapa hapa na mimi?"

Lakini mama alisikiliza. Alisikiliza mno. Msimu huu, kwa maneno ya bintiye, aliacha mbolea ya dukani aliyoizoea miaka ishirini, akamwaga magunia manane ya mboji. Binti aliichanganya mwenyewe chuoni, nyasi, samadi na maganda, akaigeuza kila wiki mpaka ikaiva na kunukia kama udongo uliopata mvua. Aliionea fahari ile mboji kuliko alama yoyote aliyowahi kupata.

"Kesho nitamuuliza mwalimu, mama."

"Muulize. Ila ujue chakula chetu cha mwaka ndicho hicho."

Mwalimu wa kilimo alilitazama jani aliloletewa, wala hakulishika.

"Nyasi ulitoa wapi?"

"Hapa hapa, uwanja wa mpira. Mzee wa mashine ya kukatia alinijazia magunia mwenyewe."

"Alikwambia anapuliza nini pale?"

Hakuambiwa, maana hakuuliza. Mwalimu akaeleza: dawa inayopulizwa uwanjani huua magugu ya majani mapana, nyasi ikaziacha zikipendeza. Haifi kwenye mboji, haifi hata tumboni mwa ng'ombe. Na harage nalo jani lake ni pana.

"Lakini si nilifundisha? Kabla hujaimwaga shambani, otesha mbegu tatu za maharage kwenye kikopo cha mboji, ungoje wiki tatu uone. Jumanne ile."

Jumanne ile alikuwa kwenye mtihani wa takwimu. Vipindi viligongana, na vikigongana, somo la pembeni ndilo linaloachwa. Baadaye alinakili daftari la mwenzake. Mwenzake huyo mvivu wa kuandika. Habari za vikopo aliziruka.

"Sasa udongo unasafishwaje, mwalimu?"

"Hausafishwi. Unaugeuza, unangoja. Mwaka. Pengine miwili." Mwalimu alivua miwani. "Andika yote kwenye ripoti yako. Itakuwa ripoti nzuri sana. Nitakupa alama za juu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alitafuta namna ya kulisema. Alifika hajaipata, akalisema vibaya, kwa mkupuo mmoja. Mama alimsikiliza amesimama.

"Kwa hiyo ni sumu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe huna la kufanya."

"Sina."

"Na huyo mwalimu wako?"

"Naye hana."

"Na vitabu vyote vile!" Mama alicheka kidogo. "Watakufelisha?"

Swali hilo ndilo aliloliogopa tangu chuoni.

"Hapana, mama. Nitafaulu. Amesema nitapata alama za juu."

Mama alibeba ndoo, akainama kwenye tuta la kwanza, akaanza kumwagilia.

"Mama, haitasaidia."

"Nimesikia, mwanangu."

Akaingia tuta la pili. Akaingia la tatu, polepole, maji akiyaelekeza shinani kama alivyofanya siku zote ili yasipotee. Binti alisimama kwenye kijia cha katikati, hajui amshike mkono au akamchotee maji mengine.