Dolly wa Kijiko

Asubuhi hiyo Thirza Alderson hakuweza hata kumeza uji. Alikuwa ameshavaa buti za marehemu baba yake na kujifunga aproni, na ndani ya kisanduku cha mbao kilichokuwa mezani Dolly, kicheche wake, alikuwa akikwaruza bila kukoma, kana kwamba ameambiwa kila kitu. Madirisha yalikuwa meupe kwa barafu. Nje, majani ya vichaka yalikuwa yamekwisha kufa na mashimo ya sungura kuonekana wazi. Bonde zima lilikuwa na uchu, maana vita vilikwisha lakini nyama ilikuwa bado ya mgao, kipande ambacho hata paka angekisusa.

"Unampeleka harusini huyo?" aliuliza Jabez, kaka yake, huku akikunja nyavu.

"Nampeleka akakuzibe mdomo."

Jabez alicheka, lakini si sana. Mama yake Dolly, aliyekuwa kicheche hodari kuliko wote bondeni kwa kuwatimua sungura mashimoni wakaingia nyavuni, alikufa akizaa, akaacha kitoto kimoja kipofu, kisichozidi kidole. Jabez alitaka kukitupa. Thirza akakificha kifuani, akakilisha maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kijiko, tone kwa tone, na jiko likanuka kicheche mpaka kasisi akaacha kuja kunywa chai. Kaka mtu alikuwa na neno lake moja tu: mnyama wa kijiko hawindi, hulala. Na kicheche anayelala shimoni, watu wakaganda nje kumngoja, hakuwa na maisha katika nyumba ya kina Alderson. Babu yao aliwavunja shingo wa namna hiyo papo hapo, baba yao vilevile, na Jabez hakuona sababu ya kubadili. Kibanda cha kicheche kilikuwa kimoja, na Seth jirani alikuwa ameshaahidi kumletea Jabez kicheche wake dume, bado mchanga.

Kilichomuuma Thirza zaidi ni neno. Kwao, wa nyumbani huitwa "wetu." Thirza wetu, Jabez wetu, hata farasi aliyezeekea zizini alikuwa Captain wetu. Dolly alikuwa amekulia mapajani mwao tangu hajafumbua macho, na Jabez hakuwahi kumwita ila "hicho kidude chako."

Basi Thirza alimfundisha kwa hasira na mapenzi. Alimpitisha kwenye mabomba ya udongo aliyoyatandaza bustanini, kwanza yaliyonyooka, halafu yenye kona, huku akiburuta ngozi ya sungura upande wa pili. Alimzoesha mkono kwa kumwekea ngumi iliyopakwa mate badala ya vidole, maana kidole hufanana sana na chakula. Hata hivyo aling'atwa, akapiga mayowe, akarudia. Na kila mara kabla ya kumpa mkate na maziwa aligonga kijiko kwenye kisahani, ti ti ti, na Dolly akaja mbio hata kama alikuwa chini ya kabati.

Asubuhi hiyo Seth aliwakuta kwenye tuta la mashimo ya sungura, pua yake nyekundu, koleo begani. Kuanzia hapo hapakuwa na maneno tena. Sungura husikia sauti ya mtu akajichimbia, kwa hiyo walinyata, wakaegesha nyavu midomoni mwa mashimo na kuvuta kila kambaa taratibu. Thirza alipiga magoti. Akafungua kisanduku, akambusu Dolly kichwani Jabez akitazama kando kwa aibu, akamwacha aingie gizani.

Kimya. Kisha ardhi ikasikika: dup! dup! Sungura walikuwa wakipiga miguu chini kwa chini.

"Wameshajua," alinong'ona Seth.

Wavu wa kwanza ukaruka kama umepigwa teke. Sungura! Jabez akamvamia, kabla hajamtoa, wa pili akafyatuka kwenye wavu wa Seth, wa tatu akapenya pembeni na kutokomea, mkia mweupe ukiwacheka. Thirza aliuma aproni asipige kelele. Alitaka kucheza ngoma palepale kwenye barafu. Dolly wake! Dolly wa kijiko!

Halafu kukatulia. Kukatulia sana. Seth akajipulizia viganja. Jabez akatazama mashimo, akamtazama dada yake.

Ghafla pua ya pinki ikachungulia kwenye shimo lililo karibu na Jabez. Thirza alitaka kusema, lakini kaka mtu alishashusha mkono wake mkubwa kutoka juu, vuup, kama mwewe. Pua ikarudi ndani.

"Jabez, mjinga wee!" Seth alisahau kunong'ona. "Tangu lini kicheche akanyakuliwa shimoni? Umeshamfundisha kujificha!"

"Alikuwa anakuja kulala. Nimeona macho yake."

"Umeona macho ya mnyama aliyekuona wewe, na ndiyo maana kakimbia," alisema Thirza.

Walingoja. Baridi ikawapanda magotini. Mwishowe Jabez akachukua koleo la Seth. "Nachimba. Nikimkuta amelala, Thirza, unajua."

"Najua. Ngoja kwanza."

Akatoa mfukoni mwa aproni kisahani na kijiko. Jabez akatoa macho. "Kelele kwenye mashimo? Una wazimu?"

"Wewe na Seth mmeshapiga kelele za kutosha mwaka mzima."

Akalala kifudifudi kwenye barafu, ngumi yenye mate mbele ya shimo walilomwingizia Dolly, akagonga. Ti ti ti. Akagonga tena. Chini kabisa kitu kikaburuzika, kikasukumana, udongo ukamwagika. Thirza akasogeza uso.

Sungura dume, mkubwa kama mto wa kulalia, akamrukia usoni moja kwa moja. Shimo lile halikuwa na wavu. Thirza akamkumbatia. Wakabiringika pamoja hadi chini ya tuta, mateke, manyoya, aproni, buti moja ikaruka kivyake, na yeye akipiga kelele, "Ninaye! Ninaye! Seth, njoo, ataniua!"

Seth akaja, akamaliza kazi, akakaa chini kwa kicheko.

Dolly akatoka taratibu, mdomo umejaa manyoya ya sungura, akajikung'uta udongo. Hakuwa amelala. Tangu mkono wa Jabez umrudishe ndani alikuwa amemkaba dume lile kwenye kona, naye hakutaka kumwachia mpaka aliposikia kijiko. Alipita mbele ya buti za Jabez bila kumtazama, akateremka tuta, akaingia mapajani mwa Thirza na kunusa kisahani. Kilikuwa kitupu.

Jabez alisimama na koleo mkononi, hajui aliweke wapi.

"Haya," alisema Seth akijifuta machozi, "yule kicheche wangu dume nikuletee kesho?"

"Umlete wapi?" Jabez alifoka, masikio yamemwiva. Akachomoa chupa ya maziwa aliyoyabeba kwa ajili ya chai yake, akamnyooshea Thirza bila kumtazama mtu. "Kibandani yumo Dolly wetu."

Thirza alipokea chupa. Alimimina maziwa yote kwenye kisahani, mengine yakamwagikia magotini mwake, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi.