Kunyamazisha Mitungi

Mtungi wa gesi unaovuja, sisi wa kiwandani tunasema unaongea. Kazi yangu ilikuwa kuutumbukiza kwenye hodhi la maji na kuusikiliza kwa macho. Ukitoa mapovu, unarudi kwa fundi. Nimetangatanga sana duniani, nimefanya vibarua vya kila namna, na sijaona kazi rahisi kuielewa kama hiyo.

Msimamizi wa zamu yetu ni mume wa binti yangu. Yeye ndiye aliyenitafutia kibarua, na kwa heshima ya ukwe tulikuwa hatutazamani sana machoni. Lakini mwezi ule nilimwona anakonda. Meneja, tuliyemwita Bwana Lengo, alikuwa ametundika ubao ukutani: zamu inayoongoza kwa kujaza mitungi mingi kaichorea duma, yetu kaichorea konokono. Kila asubuhi anapita, anamgonga konokono kwa kalamu.

"Huyu mnyama nikimkuta hapa mwisho wa mwezi, ataondoka na msimamizi wake."

Siku moja mitungi ikaanza kunijia mbio mbio, na hakuna hata mmoja unaoongea. Nikafurahi, mjinga mimi, mpaka nilipoona maji ya hodhi yamekuwa meupe kama ya kufulia. Nikapitisha kidole kwenye valvu. Sabuni! Wajazaji walikuwa wanaisiliba kabla mitungi haijanifikia. Inaziba kitundu kwa siku mbili tatu. Ikikauka jikoni kwa mtu, mtungi unaanza kuongea, na wa kuujibu ni kiberiti.

Nikamfuata mkwe.

"Nani kawaambia wanyamazishe mitungi?"

"Baba, fumba macho kidogo tu. Mwezi uishe."

"Nikifumba mimi, nani ataona?"

"Baba, nina watoto."

"Wajukuu zangu hao, nawajua. Hao wanunuzi wamezaa mawe?"

Akaamuru mitungi ipite moja kwa moja kwenye lori. Mimi na hodhi langu tukabaki kama wapambe wa harusi iliyovunjika.

Jioni Bwana Lengo akashuka, akamfuta konokono, akapiga makofi peke yake. Akamzawadia mkwe mtungi mmoja uliojaa, akautoa pale pale kwenye lori, kisha akarudi ofisini juu. Mkwe akaja kwangu ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Baba," akanong'ona, "nipimie huu. Lakini uoshe kwanza."

Uoshe kwanza! Damu ilinichemka hadi masikioni. Nikauosha, nikautumbukiza. Ukaongea kama mwenye umbeya wa mwaka mzima.

"Basi nibadilishie."

"Mimi? Panda mwenyewe!" Heshima ya ukwe iliniishia hapo hapo. Nilipiga kelele mpaka wapakiaji wakageuka. "Panda kwenye lori uchague wowote, umpelekee binti yangu! Si mizima? Si mmevuka lengo? Chagua!"

Akaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Akaitazama mitungi, safu kwa safu. Mguu ukarudi chini.

Dereva alishawasha injini, na ule mguu aliuona kwenye kioo chake. Akazima, akateremka.

"Ala! Kumbe mkuki kwa nguruwe? Na mimi ninayekaa mbele ya mzigo huu ni nguruwe wa nani?"

Dirisha la ofisi likafunguka. "Nani kasimamisha lori?"

Nilishafungua mdomo. Mkwe akaniwahi.

"Mimi."

"Una wazimu? Unajua kesho nitachora nini pale?"

"Chora unachotaka. Mitungi inashuka."

Akaushusha wa kwanza mwenyewe, akauvingirisha hadi kwenye hodhi. Wapakiaji wakamfuata, na mmoja wao akasema msimamizi wetu dume. Mimi sikumsifu. Dume gani anayesubiri moto ubishe hodi kwake ndipo asikie harufu ya gesi?

Nikamwaga yale maji, nikafungulia mapya, nikamrushia tambara.

"Osha," nikamwambia. "Yote. Na ole wako uruke hata mmoja."