Wajerumani Wawili wa Swala ya Alfajiri

Msikiti wetu wa Gelsenkirchen, Ujerumani, ulikuwa duka la samani kabla hatujaununua, na hadi leo ukitazama vizuri juu ya mlango utaona alama ya neno "vitanda" lilipobanduliwa. Shemeji yangu Nurettin husema ndiyo maana watu husinzia kwenye hotuba ya Ijumaa.

Huyo Nurettin, kaka wa mke wangu, alichimba makaa ya mawe mpaka mgodi ulipofungwa, na tangu astaafu kazi zake ni mbili tu: kufuga njiwa wa mashindano na kumimina chai katika chumba cha nyuma ya msikiti. Mimi ni kinyozi. Duka langu limepakana na mlango wa msikiti, kwa hiyo hakuna kichwa kinachoingia humo nisichokijua.

Watafiti tumewazoea. Nyumba nyingine huingiliwa na panya, yetu huingiliwa na watu wa chuo kikuu. Alikuja wa mitandio, akaja wa nyama ya halali, akaja wa mazishi, huyo wazee walimkimbia kabisa. Alipokuja wa minara, Nurettin alimwambia, "Mnara hatuna, binti yangu."

"Ndiyo hasa ninachotaka kujua, mzee. Kukosa mnara kunawafanya mjisikieje?"

"Wafupi," akajibu Nurettin.

Binti akaandika. Alipoondoka, Nurettin akaapa mbele yetu sote kwamba atakayefuata atamwambia yeye ni Mkatoliki.

Basi akaja Joachim. Jitu kubwa la Kijerumani, ndevu nyekundu mpaka kifuani, mpole kama kondoo. Alimwambia imamu wetu kwamba yeye ni mtafiti. Imamu Feyzullah alikuwa ametoka Trabzon, Uturuki, siku si nyingi, na Kijerumani chake kilimtosha kununua mkate tu. Katika maneno yote ya Joachim alinasa moja: anatafuta. Na mtu anayetafuta mlangoni pa msikiti anatafuta nini, kama si dini ya haki? Akamkumbatia. Ijumaa akatutangazia kwa furaha, "Ndugu yetu huyu anatafuta!" Tukaitikia mashaallah.

Baada ya majuma machache akaja Mjerumani wa pili, Malte, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma aliyoinunua Bosnia. Naye akamweleza imamu habari zake, naye akakumbatiwa, naye akatangazwa kuwa anatafuta. Sisi tukaona neema imetufungukia. Hakuna aliyewaza chuo kikuu.

Hapo ndipo balaa letu lilipoanza.

Joachim alikuwa akija swala ya adhuhuri. Malte alipoona hivyo, akaanza kuja adhuhuri na alasiri. Joachim akaongeza magharibi. Malte akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Joachim akafunga Jumatatu na Alhamisi, halafu akaacha na sukari, sijui kwa dalili gani. Kila mmoja akiswali huku jicho moja liko kwa mwenzake. Mwisho wakafika kwenye alfajiri. Mzee Bahattin, mwadhini wetu, alikuwa amezoea kufungua mlango peke yake, kikohozi chake ndicho jamaa yake. Asubuhi moja ya barafu akakuta Wajerumani wawili wamesimama kizani, kila mmoja akimhimiza mwenzake, "Tangulia wewe, kaka."

"Haiwezekani, kaka. Wewe ndiye uliyetangulia kufika."

"Lakini wewe uko kulia."

"Jamani, ingieni," akasema Mzee Bahattin. "Mimi ndiye nitakayekufa kwa baridi."

Habari hizo hazikukaa msikitini. Zilifika kwa wake zetu kabla ya chai ya asubuhi. Mke wangu Nezahat hakusema kitu, alifungua tu dirisha la chumba cha kulala nikiwa bado nimejifunika. Wifi yake Gülizar, mke wa Nurettin, yeye alisema.

"Watoto wa watu wamezaliwa kwenye nyama ya nguruwe wanawahi alfajiri, na wewe mtoto wa hafidhi unakoroma!"

"Mke wangu, mimi nimefanya zamu ya usiku miaka mingi. Mungu anajua nina usingizi wa kudai."

"Basi kaudai kwa Mungu. Amka!"

Tukaamka. Wanaume wa mtaa mzima tukaanza kuhudhuria alfajiri, macho mekundu, tukijibanza nyuma ya mgongo wa Joachim kama kondoo nyuma ya ghala. Imamu Feyzullah alitokwa na machozi ya furaha. Nurettin alitokwa na machozi pia, ya kwake yalikuwa ya miayo.

Siku moja Malte akaja kwangu kunyolewa. Nimemzungushia kitambaa, nimeanza na kisogo, akauliza, "Kaka Vahit, huyu kaka Joachim, wewe unamwonaje? Anapokelewa vipi hapa?" Halafu akatoa simu kwa mkono mmoja chini ya kitambaa. "Ungeniruhusu nirekodi?"

Nilidhani ni mambo ya vijana. Nikasema Joachim ni mtu mwema, ndevu zake tu ndizo zinazoziba bomba langu la maji. Lakini kesho yake Joachim mwenyewe akaketi kwenye kiti kilekile. "Kaka Vahit, huyu kaka Malte, wewe unamwonaje?" Na simu ikachomoza chini ya kitambaa. "Ungeniruhusu nirekodi?"

Nikaacha mkasi. Nikamwacha na Joachim, nusu ya ndevu imepunguzwa, nikaenda chumba cha chai.

"Shemeji," nikamwambia Nurettin, "hawa hawatafuti. Wanatafiti."

Alinitazama kidogo, kisha neno likamwingia. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kifua cha mgodini kikaanza kupiga filimbi. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Na wanatafitiana."

"Kwa hiyo nimeamka gizani baridi yote hii kwa sababu ya mitihani ya chuo kikuu?"

Mimi nilitaka tuwaambie tu. Nurettin akakataa. Alisema waliotuamsha kwa njia ndefu watarudishwa kwa njia ndefu. Akamwendea Malte, akamnong'oneza kwamba Joachim ana mengi moyoni na anatafuta wa kumfungulia. Akamwendea Joachim, akamnong'oneza hayohayo juu ya Malte. Akawakaribisha wote wawili Jumamosi, alasiri, kwenye bustani yake ya njiwa nje ya mji, na mimi nikaitwa niwe shahidi.

Meza ilikuwa chini ya banda la njiwa. Gülizar alikuwa kwenye jiko la gesi anachoma chapati za jibini. Wajerumani wakaketi, wakatabasamu, na kila mmoja akaweka simu yake mezani, kioo chini.

"Kaka Malte," akaanza Joachim, "hebu niambie, wewe ulianzaje?"

"Swali zuri sana. Unapouliza 'ulianzaje', wewe unamaanisha nini?"

"Wewe ungependa limaanishe nini?"

"Naona kwako neno 'kuanza' lina uzito. Kwa nini?"

"Inakuvutia kwamba nimeona hivyo?"

"Wewe unaonaje?"

Nurettin alinifinya paja mpaka nikauma kofia. Chai ikamiminwa, ikanywewa, ikamiminwa tena. Hakuna jibu hata moja lililotoka. Walikuwa kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, huyu pita, huyu pita. Njiwa mmoja alijisaidia juu ya simu ya Malte na hakuna aliyediriki kuipangusa, asije akaonekana kwamba anarekodi.

Gülizar ndiye aliyechoka. Akaja na sahani, akaitua kwa kishindo. "Wanangu, samahani. Nyinyi ni polisi?"

"Hapana, mama!" wakajibu kwa pamoja. "Mimi ni mtafiti!"

Wakageukiana.

"Mtafiti wa nini?" akauliza Malte polepole.

"Wa Wajerumani waliosilimu," akasema Joachim. "Wewe je?"

"Wa Wajerumani waliosilimu."

"Umemtafiti nani?"

Malte akamnyooshea kidole. "Wewe."

Joachim akashika kichwa. "Mimi nimeandika sura nzima juu yako! Kufunga kwako, kofia yako! Nimeandika kwamba kofia ni daraja!"

"Mimi nimeandika kwamba ndevu zako ni mpaka," akasema Malte. Alikuwa kijana, na msimamizi wake chuoni alikuwa mkali. Akalia kweli, mikono usoni. Gülizar akamsukumia chapati mbili, maana yeye haamini kwamba kuna msiba unaoshinda chapati ya moto.

Mimi nilianza kuona haya. Nurettin hakuona. Alijinyoosha kwenye kiti kama mfalme. "Sikia, mke wangu. Mambo yamekwisha. Kumbe hakuna Mjerumani aliyewahi alfajiri kwa ajili ya Mungu. Kesho nalala."

"Samahani, baba," akasema Joachim.

Alikuwa ameinamisha uso, na shingo imekuwa nyekundu kama ndevu.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya utafiti, ni kweli. Lakini mwezi wangu wa pili hapa nilitamka shahada. Baada ya alfajiri, Malte na wengine walipokwisha kuondoka. Imamu yupo, Mzee Bahattin yupo. Niliwaomba wasiseme. Nilijua chuo kikisikia, kitasema siwezi tena kutafiti."

"Bahattin alijua?" akafoka Nurettin. "Bahattin hawezi kuficha hata bei ya viatu vyake!"

"Aliniambia amejifunza kunyamaza kwa sababu hakuna anayemsikiliza."

Nikamwona Gülizar anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Malte naye akaacha kulia. Akainua uso, mashavu yamelowa, unga umemganda kidevuni, na mkono wake ukaanza kutambaa mezani kama mjusi, ukielekea kwenye simu yenye kinyesi.

"Kaka Joachim," akasema kwa sauti laini, "hebu rudia hapo. Ulijisikiaje?"

Gülizar akaipokonya simu, akaitia mfukoni mwa aproni yake. "Kula kwanza! Mwache mwenzio apumue." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, umesikia? Mmoja amewahi kwa ajili ya Mungu. Mmoja anatosha. Kesho unaamka."

Joachim aliacha ule utafiti. Siku hizi anafundisha historia katika shule moja mjini Bochum, bado anaziba bomba langu, na Mzee Bahattin alipougua goti alimwachia funguo za msikiti. Malte hakusilimu, hakutudanganya tena, na alimaliza shahada yake ya juu. Joachim alikubali kuhojiwa, mezani, simu kioo juu. Kitabu kilipochapishwa Malte alituletea nakala moja chumba cha chai, akamfungulia Nurettin ukurasa uliomhusu. Humo, kwa kanuni za chuo, alikuwa ameandikwa tu "N., mstaafu."

Nurettin aliusoma mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti. Kisha akavua miwani.

"Nimekaa chini ya ardhi ujana wangu wote," akasema, "nikatoka mzima, na jina langu lote. Nimekaa na huyu mtoto mwaka mmoja tu, nimebaki herufi."